Mjadala: Wachezaji wenye jina moja watofautishwe kwa majina matatu au kwa majina ya utani?

Daftari la Ligi

Naileta hoja hii ili wanaoijua kazi ya rekodi waichambue. Pendekezo langu: orodha ya mechi, ripoti ya kamisaa (msimamizi rasmi wa mechi), jedwali la wafungaji na takwimu zote za ligi zetu ziandike majina matatu ya mchezaji kama yalivyo kwenye kitambulisho, pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Jina la utani libaki, ila lifuate nyuma, na lisisimame peke yake.

Mohamed Hussein wa Yanga alifunga mabao 26 msimu wa 1999, na idadi hiyo hutajwa kila mshambuliaji anapoanza kuwasha moto kwenye Ligi Kuu. Mohamed Hussein mwingine ni beki wa kushoto aliyedumu Simba tangu 2014 hadi akawa nahodha, kisha akahamia Yanga mwaka 2025. Sasa wote wawili wanasomeka "Mohamed Hussein, Yanga". Sisi tunamwita wa kwanza Mmachinga na wa pili Tshabalala, tunaelewana. Programu inayokusanya takwimu haielewi hivyo. Itamjumlisha beki na mshambuliaji aliyeichezea Yanga zaidi ya miaka 20 kabla yake, na kosa hilo likishanakiliwa na wengine halifutiki kirahisi.

Wapo wanaodhani jina na klabu vinatosha. Watazame Porto mwaka 2015. Danilo Luiz da Silva, Mbrazili, aliondoka kwenda Real Madrid. Dirisha hilohilo Porto ikamsajili Danilo Pereira, Mreno mzaliwa wa Guinea-Bissau. Klabu moja, jina moja la jezi, na wote wamezaliwa 1991. Kinachowatenganisha ni majina yao kamili.

Sauti ya Redio

Mkuu Daftari, umeandika kwa ajili ya kabati la nyaraka. Mpira unasikilizwa pia, na msikilizaji wa redio haoni namba ya jezi. Mtangazaji ana sekunde moja kati ya pasi na pasi. Akisema majina matatu, mpira umeshafika upande wa pili. Jina la utani lilizaliwa kutokana na mahitaji hayo, wala halikuwa mchezo wa vijiweni tu.

Tena majina matatu hayatenganishi kama unavyotaka. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake. Abubakar Salum alicheza Yanga, akaitwa Sure Boy. Mwanawe ni Salum Abubakar, aliyecheza Azam na Yanga, naye ni Sure Boy. Baba na mwana wamebadilishana nafasi za majina, na wote waliivaa jezi ya Yanga. Desturi hii ikiendelea, kila baada ya vizazi viwili unapata mtu mwenye majina yaleyale kwa mpangilio uleule. Lakini ukisema "Sure Boy mkubwa" na "Sure Boy mdogo", hata asiyefuatilia mpira anajua unamzungumzia nani.

Wabrazili wamelifanya hili kwa ustadi. Kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996 walikuwa na Ronaldo Guiaro, beki, ambaye ni mkubwa kwa umri. Ronaldo Nazário, mshambuliaji aliyekuja kutikisa dunia, akavaa jezi iliyoandikwa "Ronaldinho", yaani Ronaldo mdogo. Mwaka 1999 akaingia Ronaldinho mwingine timu ya taifa, akaongezewa "Gaúcho" kwa sababu anatoka Rio Grande do Sul. Hakuna aliyesoma cheti cha kuzaliwa, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Daftari la Ligi

Hapo ndipo tatizo linapoonekana, ndugu yangu. Ronaldo Nazário ana mabao yaliyoandikwa chini ya "Ronaldinho" kwa sababu ya mashindano hayo. Anayehesabu bila kujua historia hiyo anampa mwingine.

Na jina la utani halimtoi mtu kwenye mkanganyiko, linamhamishia kwenye mwingine. Umemtoa beki kwenye kundi la akina Mohamed Hussein, ukampeleka kwa Siphiwe Tshabalala wa Afrika Kusini. Nadir Haroub ukamfanya Cannavaro, jina la beki wa Italia. Misri wakamchukua Mahmoud Hassan wakamwita Trezeguet, wakati David Trezeguet wa Ufaransa alikuwa bado hai kwenye kumbukumbu za kila mtu. Hata Gaúcho unayemsifia ametufikia: Mwanahamisi Omary wa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, anaitwa Gaucho. Halafu mtu mmoja anaweza kuwa na mawili. Beki yuleyule Mohamed Hussein wengine wanamwita Zimbwe Jr. Utafute kwa lipi?

Kamisaa wa Zamani

Mnabishana juu ya takwimu wakati madhara makubwa yako kwenye kadi. Nieleze jinsi kosa linavyoingia.

Mwamuzi kwenye kijitabu chake huandika namba ya jezi na dakika. Jina linaingia baadaye, chumbani, linaponakiliwa kutoka orodha ya mechi kwenda kwenye ripoti. Orodha ikiwa na "A. Abdallah" wawili, anayenakili hutegemea namba. Sasa mchezaji akitokwa na damu na jezi ikachafuka, haruhusiwi kurudi nayo uwanjani. Anapewa ya akiba, mara nyingine yenye namba tofauti au isiyo na namba kabisa. Akipewa kadi akiwa na jezi hiyo, namba haimtambulishi tena na jina lina utata. Mwamuzi wa akiba asipoandika dakika ya kubadilisha jezi, kadi hiyo itaangukia kwa mtu asiyehusika.

Uzito wa kadi moja mnaujua. Aprili 2017 Kagera Sugar iliifunga Simba 2-1, Simba ikalalamika kwamba beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano, yaani hakustahili kucheza. Kamati ya Saa 72, inayopitia matukio ya mechi za ligi, ikaipa Simba pointi tatu. Kamati ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, ikaurudisha ushindi kwa Kagera. Ubishi ulikuwa juu ya kuwepo kwa kadi yenyewe, wala si juu ya majina, lakini mbio za ubingwa zilining'inia kwenye mstari mmoja wa ripoti.

Kwa hiyo namuunga mkono Daftari kwenye orodha ya mechi, kwa masharti matatu. Kwanza, namba ya leseni iandikwe pembeni ya kila jina, na ndiyo inakiliwe kwenye ripoti, kabla ya jina. Pili, timu yenye wachezaji wanaofanana jina la kwanza na la mwisho iwataje kwenye kikao cha kabla ya mechi, waamuzi wote wanne wasikie. Tatu, jezi ya akiba iwe na namba iliyoorodheshwa tangu mwanzo. Mwaka wa kuzaliwa sioni unamsaidia nini mwamuzi.

Mwana Katanga

Salamu kutoka Lubumbashi, Kongo. Nyote mmesahau tahajia, na huko ndiko kosa linakozaliwa upya kila mpaka unapovukwa.

Juma wa Dar es Salaam kwetu ni Djuma. Ramadhani ni Ramazani. Hamisi wa Tanga ni Amissi akiwa Burundi, kama Amissi Tambwe aliyefunga mabao Simba na Yanga. Djuma Shabani, beki wa kulia aliyetoka Vita Club kwenda Yanga, angezaliwa Morogoro angekuwa Juma Shaban, na wenye jina hilo Tanzania hawahesabiki. Mwaka 2017 Masoud Juma, Mkenya, alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Kenya akiwa Kariobangi Sharks. Mwaka huohuo Masoud Djuma, kocha wa Kirundi, alijiunga na benchi la Simba kama msaidizi. Mfumo ukitafuta kwa herufi kamili, unakosa mtu aliyepo. Ukitafuta kwa matamshi, unakuletea kocha ulipotaka mshambuliaji. Hapo majina matatu ya Daftari yanakuwa majina matatu yaliyokosewa.

Na mwaka wa kuzaliwa? Chukueni Mali. Majina ya koo ni machache, Traoré, Diarra, Keïta, Coulibaly, ndiyo maana wanafanana hivyo. TP Mazembe yetu ilikuwa na Adama Traoré, kiungo aliyekwenda baadaye Sheriff ya Tiraspol. Kuna Adama Traoré wa pili aliyepita Lille na Monaco, akawa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la vijana 2015. Wote Wamali, wote wamecheza timu ya taifa pamoja, wote wamezaliwa Juni 1995. Mmoja tarehe 5, mwingine tarehe 28. Mwaka hautoshi, mwezi hautoshi, inabidi siku. Wamali wenyewe wanamwita wa kwanza Malouda na wa pili Noss. Hapo Sauti ya Redio ana haki yake. Halafu yupo wa tatu, Mhispania wa Barcelona na Wolves, aliyezaliwa 1996.

Wakili wa Soka

Suluhisho lipo tayari, ila wengi hawalitumii ipasavyo. FIFA inataka kila mchezaji aliyesajiliwa awe na namba yake ya kipekee kupitia mfumo wa FIFA Connect, na TFF inasajili kwa mfumo huo. Namba hiyo haijali tahajia wala utani. Kinachoiharibu ni mchezaji kusajiliwa mara mbili: akiwa na miaka 13 kituo cha vijana kiliandika "Saidi", akiwa na 18 klabu ikaandika "Said Ally". Zinazaliwa namba mbili, na historia yake inakatika katikati.

Hasara yake ni fedha. Mchezaji anapouzwa nje kabla mkataba haujaisha, 5% ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa kutimiza miaka 12 hadi wa 23. Misimu minne ya kwanza, kila mmoja una 0.25%. Minane inayofuata, kila mmoja 0.5%. Kijana akiuzwa kwa euro 500,000, kituo kilichomlea kutoka miaka 12 hadi 15 kinastahili 1%, yaani euro 5,000. Kwa kituo cha mtaani hizo ni mipira, usafiri na chakula cha msimu mzima. Pasipoti yake ya kielektroniki ya mchezaji, yaani rekodi ya klabu alizopitia, ikianzia miaka 18, kituo hicho hakionekani, na kudai fedha hizo kunahitaji ushahidi ambao wengi hawakuuhifadhi.

Kwa Daftari nina onyo. Usichapishe tarehe kamili wala namba ya kitambulisho. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019. Ndani ya mfumo weka vyote. Nje, mwaka unatosha, na kwa wanaogongana kama akina Traoré ongeza namba ya FIFA.

Wala kitambulisho chenyewe kisiabudiwe. Juni 2021 Stuttgart ya Ujerumani ilitangaza kwamba mshambuliaji wake aliyejulikana kama Silas Wamangituka ni Silas Katompa Mvumpa, na alizaliwa 1998, si 1999. Alifungiwa miezi mitatu na kutozwa euro 30,000. Karatasi zote za awali zilikuwa zimekubaliwa.

Sauti ya Redio

Basi mnanipa ushindi bila kutaka! Kama karatasi inaweza kudanganya, tahajia inabadilika na mwaka hautoshi, kilichobaki imara ni kile ambacho watu wanamwita. Ureno ina Vitinha wawili, mmoja kazaliwa Februari 2000, mwingine Machi 2000, wote Vítor. Mwaka 2023 walikuwa ligi moja, PSG na Marseille. Watangazaji wa Ufaransa hawakusoma majina marefu, walisema klabu na kazi ya mtu uwanjani.

Daftari la Ligi

Hadi mmoja alipohamia Genoa, na kumbukumbu ya "Vitinha wa Marseille" ikabaki inaning'inia. Klabu ni anuani, inabadilika.

Namkubalia Wakili kuhusu namba, na Kamisaa kuhusu leseni mbele ya jina. Kwa Mwana Katanga, rekodi iwe na sehemu ya tahajia mbadala: moja rasmi kama ilivyo kwenye pasipoti, nyingine zote chini yake, zitafutike. Na kanuni moja nitaisimamia: ukiwa na shaka, usiunganishe. Rekodi mbili za mtu mmoja zinaunganishwa kwa dakika tano ushahidi ukipatikana. Watu wawili waliounganishwa kuwa mmoja, kuwatenganisha kunadai kurudi kwenye ripoti ya kila mechi. Kabla ya kuunganisha, angalau vitatu vifanane: jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na mfululizo wa klabu. Tarehe ikiwa 1 Januari isihesabiwe, kwa kuwa wengi huandikiwa hiyo pale mwaka pekee unapojulikana.

Binti Unguja

Kaka Daftari, kanuni yako ya pasipoti inatuacha Zanzibar nusu njia. Mchezaji wetu ana kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na ana cha NIDA, na si lazima tahajia zilingane: huku Khamis, kule Hamisi, huku Abdalla, kule Abdallah. Ligi yetu iko chini ya ZFF, shirikisho la soka la Zanzibar, ambalo si mwanachama wa FIFA, na akivuka bahari anaandikishwa upya na karani asiyejua alikotoka. Na mtoto wa miaka 12 hana pasipoti. Ana cheti cha kuzaliwa tu, na huo ndio umri ambao Wakili anasema hesabu ya fedha inaanzia. Kwa hiyo tahajia rasmi iwe ya cheti cha kuzaliwa, inakiliwe kwenye fomu ya kwanza ya kituo, na klabu inayomsajili baadaye izuiwe kufungua rekodi mpya kabla ya kutafuta kwa jina la baba na tarehe. Karani wa klabu kubwa ataona ni usumbufu. Kituo cha Makunduchi kitaona ni haki yake.