Tupeane uzoefu: siku mliyoboresha intaneti ya nyumbani na yaliyowakuta

Mkaaji wa Himbi (Goma)

Wapendwa, salamu kwenu nyote. Jana nilipita Birere nikamwona kijana akinunua kebo ya intaneti, mita thelathini, muuzaji akiipima kwa mikono kama mtu anayepima kitenge, na moyo wangu ukarudi palepale ulipokuwa mwaka jana.

Nilikuwa nimelipia kupandishwa kutoka megabiti 20 kwa sekunde hadi 50, kwa sababu nafanya kazi ya kuhariri picha za video nikiwa nyumbani na wateja wangu wako mbali. Fiba, ule uzi wa kioo unaoleta intaneti kwa mwanga, ilikuwa imeshafika sebuleni tangu zamani, kwa hiyo niliambiwa hakuna kazi ya kufanya, ni kubadilisha paketi tu. Kila nilipopima nilipata 9 na nukta kadhaa, asubuhi, mchana, hata saa nane za usiku mji mzima ukiwa umelala. Niliwapigia simu waliouza huduma mara tatu, na mara zote wakanijibu kwamba kwao mwanga wa fiba unasoma vizuri. Sikuwaamini. Nikanunua ruta mpya kwa dola 85, fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mfereji wa maji ya mvua, nikaifunga, nikapima, nikakuta 9 ileile. Usiku ule mke wangu alinikuta nimekaa gizani nikiangalia taa za ruta, akaniuliza kama nimefiwa.

Wiki mbili baadaye ndipo nilipochukua kompyuta na kuichomeka moja kwa moja kwenye kisanduku cha fiba kule sebuleni. Ikasoma 48. Basi ugonjwa haukuwa kwao wala kwenye ruta, ulikuwa kwenye kebo niliyoipitisha mwenyewe juu ya dari hadi chumba cha kazi, maana kuta zetu ni za mawe ya lava na mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 hayavuki kuta mbili za namna hiyo yakabaki na nguvu. Niliivuta ile kebo yote chini. Panya alikuwa ameitafuna karibu na boriti, nyaya mbili kati ya nane zimebaki uchi na nyeusi. Nikakwangua mojawapo kwa kisu: juu ilikuwa na rangi ya shaba, ndani nyeupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba, ambayo ukiikunja mara chache hukatika ndani ya ngozi yake bila wewe kujua. Ruta na kisanduku cha fiba vilikuwa vimekubaliana kuzungumza kwa kasi ya 10 kwa sababu waya mbovu haukuruhusu zaidi.

Nawaomba nanyi mseme yaliyowakuta, ili anayenunua kebo leo asipitie nilipopitia.

Mwana Kadutu (Bukavu)

Ni kweli tupu, ndugu. Mimi nilibadilisha ruta mbili kabla ya kuigusa kebo.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Kwangu mimi kosa lilikuwa la giza. Tuna antena ndogo juu ya paa inayotazama mnara ulio ng'ambo ya kilima, na inapata umeme wake kupitia kebo ileile ya intaneti, kutoka kwenye kisanduku cheusi cha volti 24. Mwaka mmoja nilinunua pia kamera ya kulinda lango, nayo ikaja na kisanduku chake cheusi cha volti 48. Ukiviweka mkononi, vinafanana kama mapacha. Delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, ilipotukuta jioni moja, mwanangu alichomoa vyote ili kuviokoa na umeme unaporudi kwa kishindo, na uliporudi tukavichomeka kwa kubahatisha. Antena iliwaka taa zake zote kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ikazima na haikuamka tena. Tulikaa siku kumi na tisa tukiishi kwa forfe (vifurushi) za simu.

Tangu siku hiyo kisanduku cha 48 kimefungwa kipande cha kitenge chekundu, na hakuna mtu wa nyumba hii anayekigusa kabla ya kukipapasa.

Mkaaji wa Katindo (Goma)

Mimi nasema wazi kwamba tunaibiwa. Nimelipia 50, lakini ninapopakua faili sioni zaidi ya 6. Sina panya, sina kebo ndefu, kompyuta iko kando ya kisanduku.

Mwalimu wa Bagira (Bukavu)

Ndugu wa Katindo, haujaibiwa. Wanaouza huduma huhesabu kwa megabiti, na kompyuta yako inapopakua faili huhesabu kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Gawanya 50 kwa 8 utapata 6.25. Unapata ulicholipia.

Mkaaji wa Katindo (Goma)

Mwalimu, hesabu yako naielewa. Lakini mama anayeuza samaki pale Virunga hauzi kwa kipimo kimoja na kukupimia kwa kingine. Kama wanajua wateja wanasoma megabaiti, waandike megabaiti kwenye karatasi ya mkataba.

Mwalimu wa Bagira (Bukavu)

Kipimo hicho ndicho kinachotumika dunia nzima kwa mitandao, hakikubuniwa kwa ajili ya kukudanganya wewe. Kumwita mtu mwizi ni neno zito, na halifai kutamkwa kabla ya kugawanya kwa nane.

Mkaaji wa Katindo (Goma)

Neno mwizi nalirudisha. Hoja ya mkataba siirudishi.

Mama wa Ruashi (Lubumbashi)

Nimesoma habari za kebo na mikono yangu imeanza kutetemeka, kwa hiyo nitaandika yote.

Sisi huku mvua huanza kunyesha kwa nguvu mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi mwezi wa tatu, na radi za Lubumbashi anayezijua anazijua. Mimi na jirani wa lupango (uwanja wa nyumba) la pili, ambaye namwita yaya kwa heshima, tulikubaliana kugawana intaneti, nusu kwa nusu, kwa sababu mmoja peke yake hakuiweza. Ruta ilikaa kwangu. Tukanunua kebo ya mita 40, ya shaba safi kabisa, maana hapa kwenye nchi ya shaba fundi aliona aibu kutuletea kitu kingine, na tukaipitisha juu ya ukuta, chini ya mwembe wake, hadi kwenye sebule yake. Kwa miezi minne tulifurahi. Binti yangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa taifa na alisoma masomo yake yote hapo.

Usiku mmoja wa Januari mvua ilianza kama saa tatu. Mimi ni mwangalifu. Niliposikia ngurumo ya kwanza nilisimama na kuchomoa prizi ya ruta, ya televisheni, ya friji, ya kompyuta ya binti yangu, moja baada ya nyingine, na nikarudi kukaa nikiwa na amani. Radi ilipiga ule mwembe. Sikusikia sauti kwanza, niliona chumba kizima kuwa cheupe, nikaona mwali mdogo wa buluu ukiruka kutoka kwenye ruta, ruta ambayo haikuwa kwenye umeme, ukapiga kompyuta iliyokuwa kando yake. Kisha ndipo sauti ikaja. Baada yake kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua na binti yangu akipiga kelele kwamba haoni, ingawa baada ya muda aliona, na hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Nilipowasha tochi, lile tundu la ruta lililoingia kebo ya jirani lilikuwa limeyeyuka, vijino vyake vya dhahabu vimekuwa tone moja jeusi. Kwa yaya, televisheni yake kubwa ambayo haikuwa na hata mwaka mmoja ilikuwa imekufa, kwa sababu nayo ilikuwa imechomekwa kebo ya ruta yake ndogo. Asubuhi alisimama langoni kwangu na kusema kwamba moto umetoka kwangu, kwa hiyo mimi ndiye wa kumlipa. Miaka kumi na moja tumechotea maji pamoja, na tulikaa wiki sita bila kusalimiana.

Nauliza: nilikosea wapi, ikiwa prizi zote nilizichomoa?

Mwana Kadutu (Bukavu)

Pole sana, mama. Nimesoma mara mbili.

Mkaaji wa Katindo (Goma)

Mwembe ulikuwa wa kwake na ulikuwa katika lupango lake. Hata faranga moja hukupaswa kulipa.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Mti hauiti radi kwa makusudi, papa. Kebo waliinunua wawili, faida waliigawana wawili, na hasara igawanywe vilevile.

Fundi wa Majengo (Goma)

Mama wa Ruashi, hukukosea kwa uzembe. Ulifunga mlango mmoja na mwingine ukabaki wazi. Mita 40 za shaba zilizoning'inia nje kati ya nyumba mbili ni kama mkono ulionyooshwa. Radi haihitaji hata kuugusa waya: ikipiga karibu, umeme unazaliwa ndani ya waya wenyewe na kukimbilia ncha zote mbili. Kwa hiyo mvua ya radi ikiwa inakaribia, kabla haijafika, chomoeni na kebo ya intaneti, na muiweke mbali na kifaa, si kuilaza juu yake.

Jambo la pili ni waya wa ardhi, ule tunaouita teri, unaopeleka umeme wa ziada ardhini. Kwenu udongo mwekundu ni mnene, mtu anapiga chuma cha mita mbili kwa nyundo na kazi imekwisha. Sisi wa Goma, hasa tulio juu ya lava ya mwaka 2002, tukipiga chuma kinaruka na kuturudia mkononi. Kwangu nilichimba mfereji wa mita nane kuzunguka nyumba, nikaleta udongo mweusi kutoka upande wa Sake, nikalaza waya wa shaba humo pamoja na makaa, nikamwagia chumvi na maji. Kipimo cha ukinzani wa ardhi kilishuka kutoka ohm 180 hadi 30, na kadiri kinavyoshuka ndivyo bora.

Mwalimu wa Bagira (Bukavu)

Chumvi, fundi, itakula shaba hiyo, na mvua itaiosha. Baada ya miaka michache utakuwa na mfereji usio na waya. Makaa na udongo wenye unyevu vinatosha.

Fundi wa Majengo (Goma)

Mwalimu, nalikubali hilo kwa nusu. Mimi hupima kila mwaka, na mwaka kipimo kitakapopanda nitafukua na kubadilisha. Asiye na kipimo asiweke chumvi.

Mkaaji wa Kamalondo (Lubumbashi)

Kwa nini mnateseka na kebo? Tangu Mei 2025, ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu, ilipotangaza kuipa leseni Starlink, ile intaneti ya satelaiti, kila mtu anaweza kuweka dishi lake juu ya paa na kila nyumba ikajitegemea.

Mkaaji wa Himbi (Goma)

Ni kweli, lakini uhesabu umeme kwanza. Ruta yangu ya volti 12 inakula wati 10 hivi, na batri ndogo ya ampea-saa 7 inaibeba saa nne bila kuchoshwa. Dishi la kawaida linakula wati 75 hadi 100, usiku na mchana. Palipo na delestaji ya saa kumi, gharama kubwa inahamia kwenye batri. Dishi lile dogo ni afadhali, nalo pia ni wati 25 hadi 40. Na kutoka kwenye dishi kuna kebo ileile inayoshuka kutoka paani.

Mama wa Ruashi (Lubumbashi)

Asanteni wote. Papa wa Katindo, nakushukuru kwa kunitetea, lakini nilimlipa nusu ya bei ya televisheni kwa mafungu matatu, na fungu la mwisho alilikataa. Sasa anataka turudishe intaneti. Nimesikia kwamba fiba haipitishi umeme kwa kuwa ni kioo. Je, tunaweza kuitumia kati ya nyumba mbili?

Fundi wa Majengo (Goma)

Mnaweza, na ndiyo dawa hasa. Nunueni kebo ya fiba ya nje iliyokwisha kufungwa vichwa, na vigeuzi viwili (visanduku vinavyogeuza mwanga wa fiba kuwa ishara za kebo ya kawaida), kimoja kila nyumba. Angalieni mambo mawili. Kwanza, kebo isiwe na waya wa chuma ubavuni wa kuifungia, kwa sababu chuma hicho kitarudisha radi ndani. Itafuteni yenye nyuzi za njano za kuiimarisha tu. Pili, rangi ya vichwa: kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8 na buluu hakikukatwa hivyo, kwa hiyo ukichomeka kijani kwenye tundu la buluu mwanga mwingi unapotea. Vigeuzi vingi vya madukani ni vya buluu. Na msiikunje kona kali, ipindeni kama mpini wa kikombe kikubwa.

Mama wa Ruashi (Lubumbashi)

Buluu kwa buluu, bila chuma. Nimeandika. Jumamosi tutapima upya, safari hii tukizunguka ukuta badala ya kupita chini ya mwembe, na yaya amesema yeye ndiye atakayeshika ncha ya pili ya kamba.