Mafundi na wauza spea za kompyuta: acheni kutupigia Windows upya wakati tatizo ni pawa saplai feki mliyotuuzia

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Wiki sita zimepotea, laki moja na nusu imeteketea, na mteja mmoja kaondoka na kazi yake.

Niko Mtwara mjini, Magomeni. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sherehe. Hela za korosho zikishaingia, watu wa Newala, Tandahimba mpaka Nanyamba wanaozesha mfululizo, na hiyo miezi michache ndiyo inayonilisha mwaka mzima. Kwa hiyo mwezi wa tisa nikajikusanya, nikaunga mashine yangu kipande kwa kipande: Ryzen 5 3600, mazabodi ya B450, RAM GB 16, SSD, na kadi ya picha ya GTX 1660 Super niliyoipata mtumba. Pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, nikaagiza mpya duka moja la Dar, ikaja kwa basi. Ubavuni imeandikwa 650W kwa herufi kubwa, bei Sh 75,000, na muuzaji akaandika kwenye risiti kwa mkono wake mwenyewe: waranti mwaka mmoja.

Mashine ikawaka bila shida. Wiki ya kwanza naandika, naangalia video, safi kabisa. Siku naanza kurenda harusi ya kwanza, yaani kuitoa video niliyohariri iwe faili moja kamili, dakika ya saba kioo kikawa cheusi, feni zikanyamaza, halafu ikajiwasha yenyewe. Nikarudia, ikafanya vilevile. Hakuna skrini ya bluu, hakuna ujumbe wowote.

Hapo ndipo nilipoingia mikononi mwa mafundi.

Wa kwanza hata kava hakufungua. "Windows imeharibika hii." Akapiga upya, elfu 20. Wa pili alichomoa RAM, akazisugua kwa raba ya penseli, akazirudisha, halafu naye akapiga Windows. Elfu 25. Wa tatu alisema joto, akabadilisha pesti ya prosesa, na kwa kuwa mashine iko mezani tayari, akapiga Windows tena. Elfu 30. Windows tatu ndani ya wiki tatu! Kila mara naanza kupakua programu upya kwa bando langu, kila mara natafuta mafaili yangu, na kila mara nikirenda tu, giza. Na huyo wa joto angepima tu angeona: nilipoweka HWiNFO, programu inayoonyesha joto la vifaa, mashine ilizima prosesa ikiwa nyuzi 71, wakati Ryzen hiyo kikomo chake ni nyuzi 95.

Katikati ya hayo kuna mama wa Tandahimba aliyemuoza binti yake. Alitaka video kabla vijana hawajasafiri. Mashine ilizima faili la mradi likiwa linaandikwa, likaharibika, siku nne za kukata na kupanga zikaenda. Alikuja mwenyewe kwa gari la asubuhi, akakaa kwenye benchi langu kimya, akaomba kadi zake za kamera akazipeleka Masasi. Hakunitukana hata neno moja. Bora angenitukana.

Basi nikaamua kutafuta mwenyewe. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio lililomo ndani ya Windows, kila mashine ilipozima kuna alama nyekundu, Kernel-Power 41. Ukifungua ndani unakuta BugcheckCode ni 0. Windows yenyewe ikianguka, kwa kawaida inaacha namba ya kosa lake hapo. Sifuri maana yake haikuwahi kuandika chochote: ama mashine iliganda kabisa, au umeme ulikatika ghafla. Hiyo inasomeka kwa dakika mbili, bila kulipa mtu, na hakuna fundi hata mmoja kati ya wale watatu aliyeifungua.

RAM nikaiachia MemTest86, programu ya kuipima, usiku kucha. Asubuhi, raundi nne, makosa sifuri.

Nikaazima multimeta, kipimo cha umeme, kwa fundi umeme wa magari. Nikachomeka ncha kwenye plagi ya akiba inayotoka kwenye pawa saplai, waya wa njano na mweusi. Hapo panatakiwa volti 12, na kwa viwango vya pawa saplai za kompyuta (ATX) haitakiwi kushuka chini ya 11.4. Mashine imetulia: 11.87. Nikabonyeza kurenda nikiwa nimeikazia macho ile namba. 11.60. 11.48. 11.31. Ikagusa 11.2, giza. Nilirudia mara tatu, nikiwa nimeshika zile ncha mikono inatetemeka, na mara zote tatu ilikufa palepale.

Ndipo nikaichomoa na kusoma lebo yote, siyo ile namba kubwa tu. Chini kuna jedwali la herufi ndogo. Mstari wa 12V: 18A. Zidisheni wenyewe, volti 12 mara amperi 18 ni 216. Wati 216! Mzigo karibu wote wa mashine za siku hizi uko kwenye huo mstari. Prosesa yangu ikikazana inakula hadi wati 88, kadi ni 125. Jumla 213 kabla hujahesabu mazabodi, SSD na feni. Pawa saplai ya 650W ya kweli inakuwa na amperi 50 na zaidi kwenye 12V. Na hii ni nyepesi mno, unaiinua kama boksi tupu.

Nikamwandikia muuzaji WhatsApp nikiwa na picha zote. Jibu lake: "Umeme wenu wa huko kusini ndio unaua vifaa, hatupokei."

Sikilizeni. Rafiki yangu wa Mikindani kaniazima pawa saplai yake ya 550W. Nimeifunga kwenye soketi ileile, stabilaiza ileile, chumba kilekile. Nimerenda harusi mbili za saa tatu tatu, kwa siku mbili, haijazima hata mara moja. Kwenye 12V inasoma 12.04 na haishuki chini ya 11.95. Umeme ni uleule wa Mtwara! Sikubali mtu akae Dar, atume kopo lenye lebo ya uongo kilomita zaidi ya 500, halafu likifeli asingizie mkoa wetu. Tunatumiwa takataka kwa sababu wanajua nauli ya kuirudisha itatukatisha tamaa.

Jina la duka siliweki hapa. Lebo nimeipiga picha pande zote, risiti ninayo, mazungumzo ninayo, na malalamiko yanaenda Tume ya Ushindani, maana bidhaa bandia ziko chini yao. Nataka elfu 75 yangu.

Na nyie mafundi, nunueni multimeta. Mteja akikwambia mashine inazima akiipa kazi nzito, anza na pawa saplai, usianze na flashi ya Windows. Ile elfu 20 unayochukua ni ada ya mtoto wa mtu.

Ya kuazima natakiwa kuirudisha Mikindani Jumapili. Mwenye 500W ya kweli hapa Mtwara, Lindi au Masasi aweke picha ya lebo hapa chini, ule mstari wa 12V uonekane. Picha ya boksi sihitaji.