Ukoo wa Makorora, Tanga: Bi Mkubwa yuko Perth, Australia

Mwanaidi: Assalaam alaykum ukoo, shikamooni wakubwa. Nimepata likizo siku tatu, kuanzia kesho Alhamisi. Bi Mkubwa tumpeleke wapi? Wiki mbili yuko ndani na mtoto, mji wenyewe hajauona.

Shangazi Zuhura: Waalaykum salaam, marahaba wanangu. Mpelekeni penye kivuli. Goti lake mnalijua.

Hemedi: Mie nasema Pinnacles! Kilomita 200 hivi kaskazini, mchanga wa njano na nguzo za mawe ya chokaa kwa maelfu, utadhani watu wamesimama foleni.

Ami Salimu: Januari hii? Unataka kumkausha mama yangu awe ng'onda? Jangwa ninalo hapa Muscat, akilitaka namwonyesha bure.

Hemedi: Gari lina kiyoyozi Ami 😂

Shangazi Zuhura: Kiyoyozi kiko garini, nguzo ziko nje.

Mwanaidi: Huko tupaache. Mimi nilifikiria kisiwa cha Rottnest. Ukipandia boti bandari ya Fremantle ni nusu saa, ukipandia mjini ni saa moja na nusu na tumbo linageuka. Wageni hawaruhusiwi magari, wengi wanakodi baiskeli, ila basi la kuzunguka lipo. Halafu kuna kwoka, kanyama ka jamii ya kangaruu, kadogo kama paka, kanakuja mpaka miguuni. Kukagusa ni faini.

Bi Mkubwa: 🎤 0:37

Hemedi: Nawafasiria maana mtoto analia humo. Anasema picha ameiona, na huyo ni panya buku.

Mwanaidi: 😂 Hajakosea peke yake. Mholanzi Willem de Vlamingh alipofika 1696 naye alidhani ni panya wakubwa, ndiyo maana kisiwa akakiita Rottnest, yaani kiota cha panya. Wenyeji, Wanoongar, wanakiita Wadjemup.

Ami Salimu: Basi ni Changuu ya Unguja hiyo, unapanda boti kwenda kuona kobe.

Mwanaidi: Changuu, Ami, walijenga gereza likaishia kuwa karantini. Hili lilikuwa gereza kweli. Kuanzia 1838 Waaborijini waliletwa hapo kwa minyororo kutoka kila pembe ya Australia Magharibi. Waliozikwa ni zaidi ya 300, na kwa miaka mingi watalii walikuwa wanapiga mahema juu ya makaburi yao.

Shangazi Zuhura: Laa ilaha illallah.

Bi Mkubwa: 🎤 0:12

Hemedi: Anasema kama kuna watu wamelala, yeye hawezi kwenda kuchekacheka na panya.

Mwanaidi: Sawa. Fremantle penyewe je? Lile soko la 1897 linafunguliwa Ijumaa mpaka Jumapili. Na gereza la zamani, wafungwa walioletwa kutoka Uingereza walilijenga kwa mikono yao, likafungwa 1991.

Shangazi Zuhura: Gereza tena! Huko hamna kitu kingine?

Hemedi: Ngojeni, nimekumbuka. Kings Park, ile bustani ya hapa mjini, kuna mbuyu.

Bi Mkubwa: MBUYU

Ami Salimu: Mama kaandika mwenyewe!!

Hemedi: Ndiyo bibi. Si wa kwetu hasa, ni ndugu yake wa Kimberley, kaskazini huko. Ulikuwa kwenye njia ya daraja la barabara kuu, 2008 wakaung'oa, tani 36, wakaupakia kwenye lori kilomita 3,200 mpaka hapa. Watu wa Gija, wenyewe wa ardhi ile, ndio walioutoa, unaitwa Gija Jumulu. Umri wake wanaukadiria miaka 750.

Shangazi Zuhura: Uzee huo, unang'olewa unapandwa pengine, na ukashika?

Ami Salimu: Na mama ana 78 tu, kuhamia Muscat kakataa.

Shangazi Zuhura: Na mashetani wake walipanda lori nao? 🙈

Mwanaidi: Astaghfirullah Shangazi 😂 Imepita hiyo. Kiingilio bure, vivuli tele, na mto Swan unauona chini.

*Alhamisi*

Hemedi: 📷 Picha

Hemedi: Amekaa hapo karibu saa nzima. Majani ameyatambua. Kauliza mabuyu yake yanaliwa, nikamwambia Kimberley wanayala. Akasema basi ni ndugu kweli, sasa nani anayajua kuyatia sukari na rangi.

Shangazi Zuhura: Kanawiri mashallah. Nani kamfunga mtandio vile?

Bi Mkubwa: 🎤 0:50

Ami Salimu: Sisikii kitu, upepo mtupu.

Mwanaidi: Tumeshafika Cottesloe, ufukweni. Upepo huu wa baharini mchana wa kiangazi wanauita Daktari wa Fremantle, maana unatibu joto. Leo daktari kazidisha dozi.

Mwanaidi: 📷 Picha

Shangazi Zuhura: Hiyo bahari gani? Mbona jua linazamia majini?

Mwanaidi: Bahari ya Hindi Shangazi, hiyo hiyo yenu. Nyie linawatokea huko, sisi linatuzamia.

Bi Mkubwa: zuhura nenda raskazone unipungie mkono niko ngambo

Shangazi Zuhura: Mama! Huku saa nane u nusu, jua la utosi, na mchele nimeuanika nje. Nitakupungia alfajiri.