IOC (Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki) na "intaneti huru" ya wanahabari: mpaka lini tupakwe mafuta kwa mgongo wa chupa?

Wakuu, kila michezo mikubwa ikikaribia ahadi ni ileile: wanahabari watapata intaneti bila vizuizi. Nani huipima ahadi hiyo kabla waandishi hawajatua?

Beijing ilipewa Olimpiki Julai 2001 kwa kuahidi uhuru kamili wa kuripoti. Mwisho wa Julai 2008, siku chache kabla ya ufunguzi wa Agosti 8, waandishi kwenye kituo kikuu cha habari wanajaribu tovuti ya Amnesty International: haifunguki. BBC ya Kichina: haifunguki. Kevan Gosper, mkuu wa kamisheni ya habari ya IOC, akasema kuna maofisa wa IOC waliokubaliana na wenyeji tovuti fulani zifungwe. Rais wa IOC, Jacques Rogge, akakana kuwepo kwa makubaliano yoyote. Kelele zilipozidi, baadhi ya tovuti zikafunguliwa ndani ya siku chache. Hitilafu gani hiyo inayopona kwa kelele?

Kinachokera zaidi, ufungaji wa China unafanana kabisa na mtandao mbovu. Huoni ukurasa unaosema "imezuiwa". Jibu la uongo la DNS (mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) linawahi kufika kabla ya lile la kweli, kivinjari kinapelekwa anwani isiyo yenyewe, kinazunguka wee mpaka muda unaisha. Kubadilisha seva ya DNS mara nyingi hakusaidii, maana uongo unapandikizwa njiani. Au neno lililopigwa marufuku likipita bila kusimbwa (kufichwa kwa msimbo), pande zote mbili zinatupiwa pakiti bandia za RST (vijumbe vya kuamuru mawasiliano yakatwe) na muunganisho unakatika hapohapo. Mwandishi anamlaumu fundi, fundi anazima na kuwasha ruta, saa ya kutuma habari inapita. Na VPN (programu ya kupitisha intaneti yako kwa njia iliyofichwa ili kukwepa vizuizi) usiposakinisha kabla ya safari umechelewa, kwa sababu hata tovuti za kuipakulia hufungwa.

Mwaka 2022, Beijing tena, Olimpiki ya majira ya baridi. Citizen Lab, watafiti wa usalama wa mtandao wa Chuo Kikuu cha Toronto, walikuta programu ya MY2022, waliyotakiwa kuwa nayo wahudhuriaji, haikagui ipasavyo vyeti vya SSL (vinavyothibitisha kuwa seva unayoongea nayo ni ya kweli). Ndani yake mlikuwa na faili la illegalwords.txt lenye maneno 2,442. Hawakuona likitumika, lakini lilifuata nini humo?

OONI Probe, programu ya kupima kama tovuti zimezuiwa, ni ya bure na hupima tovuti kwa dakika chache. IOC waiendeshe kila siku ndani ya kituo cha habari, kuanzia mwezi mmoja kabla ya ufunguzi, na matokeo yawekwe hadharani siku hiyohiyo. Nini kinawashinda?