Mrejesho: boti ya faiba iliyokunywa maji

Ndugu zangu, mimi ni yule wa boti ya faiba ya futi 12, ile iliyokuwa ikizidi kuwa nzito kila nikiivuta pwani hapa Mtongwe. Mliosema nitoboe karibu na mkuku (ule uti wa chini wa boti) maji yatoke, ahsanteni. Nilitoboa, maji yakachuruzika siku mbili, kisha kimya. Nikadhani yamekwisha, kumbe povu la ndani, lile lililogandishwa chini ya sakafu kusaidia boti kuelea, limeyashika! Tulipokata sakafu, la juu lilikuwa kavu kabisa, la chini nikalikamua kama dodoki, uvundo mtupu. Maji yalikopitia? Matundu mawili ya skrubu pale injini inapofungwa, hayakuzibwa kitu. Povu bovu lote nimeling'oa. Habari ya kulianika juani, sahauni. Sasa nangoja faiba ikauke ndipo nimimine povu jipya.