Jino hili la dinosau ni la nani?

Mchimba_Mawe: Wadau habari zenu, nimepewa jino la kisukuku, aliyenipa anasema limetoka Moroko kwenye matabaka ya miamba ya Kem Kem na ni la dinosau Spinosaurus. Lina sentimita 6 hivi, rangi ya asali, limechongoka kama koni na limepinda kidogo tu, sasa mi naona ni jino la mamba kabisa, nitajuaje?

Mzee wa Mifupa: Pitisha ukucha kwenye kingo zake mkuu. Ukisikia vimeno vidogo vidogo kama vya msumeno na jino lenyewe bapa kama kisu, hiyo ni Carcharodontosaurus, dinosau mwingine mla nyama. La Spino ni la duara, kingo hazina msumeno, halafu lina mistari inashuka toka kwenye ncha.

Mchimba_Mawe: Hakuna msumeno, mistari ipo!!

Dada Tabaka: Usishangilie bado 😂 mamba wa kale nao wamejaa humo humo Kem Kem, ila meno yao mengi ni mafupi manene. Afu kuna wajanja wanaunganisha vipande vya meno mawili kwa gundi na mchanga, mi nishapigwa hivyo. Chukua lenzi uangalie kama mistari inaendelea au inakatika ghafla.

Mchimba_Mawe: Duh. Inakatika katikati, kuna kamkanda ka mchanga kanazunguka jino zima

Mzee wa Mifupa: Hahaha pole. Ncha itakuwa ya kweli, we andika tu Spinosauridae, yaani familia ya Spinosaurus, kwa jino moja hata wataalamu wanapata tabu kufika kwenye spishi.