Waya na kingo za boti kwa gharama nafuu: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu. Hapa ni kwa wenye boti ndogo, mitumbwi ya mashine, mashua na ngalawa, tunaofunga taa na pampu wenyewe na kulinda kingo kwa vitu vya kuokoteza. Vifaa vilivyoandikwa "vya boti" bei yake inatisha. Weka ulichofanya kikadumu, na kilichooza tuambie kilianzia wapi kuoza. Naanza mimi.

Yangu ni ya faiba, futi 21, ipo Bagamoyo. Pesa nimeimwaga kwenye waya na fyuzi, kwingine kote nimebana. Waya wa nyumbani, ule wenye uzi mmoja mnene, haufai: mtikisiko wa mashine unaukata ndani ya gamba na wewe huoni kitu. Tafuta wa nyuzinyuzi, na ukipata ambao nyuzi zake zimepakwa bati, chukua huo. Shaba tupu inafyonza maji ya chumvi kama utambi; ukivua gamba unakuta unga wa kijani mbali kabisa na kiungo.

Unene nao usiudharau. Chukua pampu ya ampia 10 iliyo mita tano kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita kumi. Kwa waya wa 1.5 (milimita za mraba) unapoteza zaidi ya volti moja njiani, kati ya hizo 12 ulizonazo. Kwa wa 2.5 unapoteza kama 0.7. Fundi akikupimia safari ya kwenda tu, mkatalie.

Fyuzi ikae ndani ya shibiri moja kutoka kwenye chanya ya betri, si kule kwenye swichi. Kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi, na tangi la petroli mnajua linakaa wapi.

Mdau, Ukerewe
Huku ni maji baridi, chumvi haitusumbui. Kinachotusumbua ni saa. Wengi wameacha karabai kwenye uvuvi wa dagaa wakaingia taa za LED, halafu wanalalamika zinafifia usiku wa manane. Ni hesabu tu: taa ya wati 10 kwenye volti 12 inakula karibu ampia moja. Betri ya pikipiki ya 7Ah (ampia 7 kwa saa moja, au ampia moja kwa saa 7) ukiitumia nusu tu, ili isife mapema, inakupa kama saa nne. Taa nne mpaka alfajiri zinataka betri ya 70Ah. Yangu naiweka ndani ya dumu la lita 20 nililokata juu, nimelifunga kamba lisitembee. Mfuniko usiubane sana, betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka.

Mdau, Tanga
Kwenye viungo vya waya mimi ni risasi ya kulehemia tu. Nalehemu, nafunika silikoni, basi.

Mwanzisha mada
Mkuu, risasi inafanya waya uwe mgumu pale inapoishia, na ni hapo hapo unapokatika. Mimi nabana kwa koleo la vichwa vya waya, navisha kile kimpira kinachojibana ukikipasha moto, napaka grisi. Bora zaidi usiunge kabisa chini, kwenye ngama, pale maji yanapotuama. Kiungo kiwe juu, waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia kwenye taa ili maji yadondokee hapo.

Mdau, Kilwa Masoko
Nije kwenye kingo, maana wote mmekimbilia umeme. Mimi ni wa mashua ya mbao, tunavuta jarife, ule wavu wa samaki wakubwa, upande mmoja miaka nenda rudi, ukingo umelika mpaka unaona bonde. Dawa yangu ni bomba jeusi la maji, la inchi moja na nusu. Lipasue kwa msumeno upande mmoja, liache juani lilainike, kisha livishe ukingoni kuanzia omo (mbele) kwenda tezi (nyuma). Skrubu ziwe za stenlesi au shaba ya njano, kila sentimita 20 hivi. Vichwa vizame ndani ya bomba, la sivyo macho ya wavu yatanasa hapo na vijana watakutukana. Kabla ya kuvisha, paka rangi mbao yote. Ziba kwa juu tu, chini acha wazi maji yatoke. Ukiziba pande zote umeifungia mbao maji ndani, itaoza huku kwa nje inang'aa.

Mdau, Likoni
Sisi twatumia tairi. Lakini si la gari, lile lina nyuzi za chuma, zikichomoza zakata mikono na nyavu. La pikipiki ni sawa, ila kata kwanza ule waya wa kwenye mdomo wa tairi. Hasara ni weusi, hupaka kila boti utakayoegesha kando yake.

Mdau, Nungwi
Assalaam aleikum. Mie nna ngalawa, betri sina. Chombo cha tanga chini ya mita saba kinatakiwa angalau tochi nyeupe iwe tayari mkononi, na ndiyo nnayoitumia. Kwa wenye mashine: nyekundu kushoto, kijani kulia, msigeuze. Mkondo huu una boti za abiria za kasi, nahodha wake akiona rangi kinyume atakukwepa upande ule ule unaokimbilia.

Mdau, Ukerewe
Wa Kilwa, hilo bomba kwenye faiba skrubu si zitapasua?

Mdau, Kilwa Masoko
Toboa kwanza tundu jembamba kidogo kuliko skrubu ili meno yashike, panua mdomo wake kwa juu tu, jaza silikoni, ndipo ufunge. Na usikaze kwa mashine, tumia bisibisi ya mkono.